Futi ngapi? Kupima bledi ya kuchongea barabara ilingane na trekta dogo

Ukifika Gerezani, hapa Dar es Salaam, kwa mafundi wa kuchomelea ukasema unataka bledi ya kuchongea barabara kwa trekta dogo, swali la kwanza ni moja tu: "Futi ngapi, bosi?" Swali ni halali, maana fundi anataka kujua akate chuma kiasi gani. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunalijibu kabla hatujapima chochote kwenye trekta lenyewe.

Mimi nilijibu "sita". Nilikuwa na trekta la nguvu 30 za farasi, na kanuni iliyo midomoni mwa watu wa matrekta ni nguvu tano kwa kila futi ya bledi. Thelathini gawanya kwa tano, sita. Bledi yenyewe, ya umbo la boksi, ikaja, nzito, imepakwa rangi nyekundu, na siku ya kwanza kwenye mteremko wa mtaa wetu huku Goba matairi ya nyuma yakachimba mashimo mawili palepale yaliposimama, huku injini ikiunguruma kwa raha kabisa. Nguvu ilikuwepo tele. Kilichokosekana ni kingine, na hicho ndicho ninachotaka kukieleza, kwa sababu naona watu wakirudia kosa hilohilo kila masika inapokaribia.

Kwanza niseme kwa nini trekta dogo linahusika na barabara za Dar es Salaam. Mitaa ya Goba, Madale, Kibamba, Chanika na sehemu kubwa ya Kigamboni imejengwa kwa kasi kuliko barabara zake. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza kazi mwaka 2017, ndiyo yenye dhamana ya barabara hizi, lakini vichochoro vya kuingilia majumbani, vyenye upana wa mita nne au tano, vina zamu ndefu. Greda kubwa likija linahitaji nafasi ya kugeuzia, na linaletwa juu ya lori. Basi wakazi wanachangishana, na mwenye trekta dogo anaombwa asaidie kufukia makorongo kabla ya mvua za Machi. Ni kazi ya matengenezo, si ya kujenga barabara mpya. Ukiligusa eneo la wote, pita kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na ofisi ya TARURA ya wilaya yako.

Zana zenyewe

Zinazobebwa nyuma ya trekta kwa kazi hii ni za aina chache. Bledi ya boksi ina ukuta wa nyuma, mashavu mawili pembeni, na meno ya kukwarua mbele. Inakusanya udongo na kuubeba kutoka palipoinuka hadi palipozama. Bledi ya nyuma iliyo wazi haina mashavu, na unaweza kuikalisha mshazari ili imwage udongo upande mmoja. Hiyo ndiyo inayotengeneza mfereji na kurudisha mgongo wa barabara, yaani mwinuko wa katikati. Ya tatu ni fremu yenye reli mbili ndefu za kuteleza na bledi mbili katikati, ambayo inakwangua vilele tu na kujaza mabonde bila kuhitaji dereva hodari. Mwisho kuna reki, ya kuokota mawe na mizizi. Reki ni nyepesi, kwa hiyo ukubwa wake hauna mjadala mrefu: hata ikizidi upana kidogo trekta haliumii. Mjadala uko kwenye zile zinazobeba udongo.

Anza na matairi

Chukua futi kamba. Pima matairi ya nyuma, kutoka ukingo wa nje wa tairi la kushoto hadi ukingo wa nje wa tairi la kulia. Usipime ekseli wala boneti. Kipimo hicho ndicho upana wa chini kabisa wa bledi yako.

Sababu ni rahisi ukiitazama kazi ikifanyika. Trekta linapita kwanza, bledi inafuata. Bledi ikiwa nyembamba kuliko nyayo za matairi, kila unapopita unaacha mistari miwili iliyoshindiliwa pembeni, na maji ya masika yanaifuata hiyo mistari kama mifereji. Bledi ikifunika nyayo na kuzidi sentimita tano hivi kila upande, unafuta alama zako mwenyewe. Na ukitaka kuchonga karibu na ukuta wa mtu, shavu la boksi linafika kabla tairi halijagusa.

Trekta langu lina mita 1.40 kutoka nje hadi nje. Boksi la futi tano ni mita 1.52. La futi sita ni mita 1.83. La futi nne, mita 1.22, halifuniki. Kwa kipimo hiki tu jibu lilikwishapatikana siku ile, kama ningelipima. Kumbuka pia kwamba matrekta mengi rimu zake za nyuma zinaweza kugeuzwa ili matairi yakae mbali zaidi au karibu zaidi. Mwenye kuyatanua kwa ajili ya kutulia kwenye mteremko ajue anabadilisha na hesabu ya bledi.

Uzito ndio unaovuta

Hapa ndipo kanuni ya nguvu tano kwa futi inapodanganya, na ningependa tupige hesabu pamoja taratibu.

Trekta langu, pamoja na dereva, lina kilo 1,200. Linavuta kwa magurudumu yote manne. Kwenye ardhi imara yenye unyevu kidogo, trekta la namna hii linaweza kuvuta mzigo wa karibu nusu ya uzito wake kabla matairi hayajaanza kuteleza ovyo: tuseme kilo 600 za mvuto. Kwenye mchanga mkavu na laini, kama ule wa Kigamboni, inashuka hadi kama theluthi, kilo 400. Hiyo ndiyo bajeti. Injini iwe kubwa namna gani, matairi hayawezi kutoa zaidi ya hapo.

Sasa upande wa mzigo. Boksi la futi tano lenye kimo cha sentimita 45 na kina cha sentimita 50 lina ujazo wa mita za ujazo 0.34. Udongo haujai kama maji, unalala kimshazari, kwa hiyo chukua theluthi mbili: 0.23. Udongo wenye unyevu una uzito wa kama kilo 1,800 kwa mita ya ujazo, ndiyo kusema kilo 410 zimo ndani. Kuusukuma udongo juu ya udongo kunadai nguvu ya karibu theluthi mbili ya uzito wake, yaani kama kilo 270. Boksi lenyewe, la kilo 225, likiburuzwa linadai 110 hivi. Na makali yanapokata tabaka la sentimita tatu kwenye udongo wenye mfinyanzi, weka kilo 200. Jumla ni 580. Imo ndani ya bajeti ya 600, japo kwa kubanana.

Rudia hesabu kwa futi sita. Udongo unaongezeka hadi kilo 490 na kudai 325. Boksi langu jekundu lilikuwa na kilo 320, likadai 160. Kukata, 240. Jumla ni 725. Imevuka bajeti kwa kilo 125, na hapo bado tuko kwenye tambarare, hatujagusa kilima cha Goba.

Na nguvu za injini? Kuvuta mzigo wa kilo 580 kwa mwendo wa kilomita nne kwa saa kunatumia nguvu 8 au 9 za farasi. Kati ya 30! Ndiyo maana injini yangu iliunguruma bila kulalamika huku matairi yakizunguka. Kilichonifelisha ni uzito wa trekta.

Basi kanuni ya nguvu tano kwa futi imetoka wapi, na kwa nini kwa wengine inafanya kazi? Kwa sababu kwa kawaida trekta lenye nguvu zaidi ndilo zito zaidi, kwa hiyo nguvu inasimama badala ya uzito. Lakini matrekta mawili yenye nguvu zilezile yanaweza kupishana nusu tani. Trekta dogo lililotumika Japani na likashushwa bandarini kwetu limeumbwa jepesi kwa ajili ya majaruba ya mpunga. Trekta la Kihindi la nguvu hizohizo mara nyingi ni zito zaidi kwa sababu limeumbwa kwa jembe na tela. Ukiuliza nguvu tu, unayaona kama mapacha. Muulize muuzaji uzito, au usome kibati kilichogongomelewa kwenye bodi.

Kuna ulinganisho mmoja ulionifungua macho. Greda la kawaida la barabara lina tani kama 17 na bledi ya mita 3.7. Gawanya: zaidi ya tani nne na nusu nyuma ya kila mita ya makali. Trekta langu na boksi la futi tano lina kilo 790 kwa mita. Kwa futi sita, kilo 655. Hata nikichagua sahihi, nina chini ya moja ya tano ya kile alichonacho dereva wa greda. Mtu akikuambia trekta dogo litakata sentimita kumi kwa mpito mmoja kwenye udongo mgumu, mwonyeshe hesabu hiyo. Sisi ni watu wa sentimita mbili, tatu, tukirudia.

Bledi pana na nyepesi ni mtego mwingine

Baada ya kusikia habari ya uzito, mtu anaweza kusema: basi nichukue futi sita lakini kwa chuma chembamba, iwe nyepesi. Nimeliona hilo pia, na matokeo yake yanasikitisha zaidi, kwa sababu trekta linatembea vizuri na barabara haichongeki.

Haidroliki ya mikono mitatu ya trekta, miwili ya chini na mmoja wa juu inayoshika zana nyuma, inainua tu. Haisukumi chini. Ukiteremsha mkono wa kidhibiti, zana inashuka kwa uzito wake yenyewe. Kwa hiyo kinachofanya makali yaume ardhi ni kilo zilizoko juu ya kila mita ya makali, pamoja na pembe uliyoiweka. Boksi la futi tano la hesabu yetu, kilo 225 kwa mita 1.52, lina karibu kilo 150 kwa mita. Boksi la futi sita la chuma chembamba lenye kilo 170 lina kama 93 kwa mita. Kwenye mfinyanzi uliokauka Januari linateleza juu kama sinia.

Uzuri wa kutengenezewa na fundi ni kwamba unaweza kujua uzito kabla chuma hakijakatwa. Mita moja ya mraba ya plati ya milimita 6 ina kilo 47. Ya milimita 8 ina kilo 63 hivi. Ya milimita 10 ina kilo 78.5. Chora boksi lako kwenye karatasi, pima maeneo, zidisha. La futi tano: ukuta na mashavu kwa plati ya milimita 8 yanakuja kama kilo 76. Boriti ya skwea paipu ya milimita 100, kilo 26. Makali mawili, la mbele na la nyuma, ya upana wa sentimita 15 na unene wa milimita 12, kilo 42. Kiunzi cha kuungia kwenye trekta na meno matano, kilo 80. Unafika karibu 225. Fundi anayekuona umekuja na hesabu hii anakuheshimu, na hatakubadilishia plati ya 8 kwa ya 5 bila wewe kujua.

Kwa makali usikubali chuma cha kawaida. Mafundi wengi hutumia vipande vya bledi kuukuu za greda, na ni chaguo zuri, kwa sababu chuma hicho kilitengenezwa kwa kazi hiyohiyo. Agiza yafungwe kwa bolti, yasichomelewe, ili yakilika yageuzwe.

Magurudumu ya mbele yasisahauliwe

Boksi likiwa chini linaburuzwa. Likiinuliwa linaning'inia, na hapo linakuwa mtu mzito aliyekaa mwisho wa pembea.

Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma trekta langu lina mita 1.6. Uzito wa boksi uko kama mita 1.3 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ukiinua kilo 225, unaziondolea gurudumu za mbele 225 mara 1.3 gawanya kwa 1.6, karibu kilo 183. Ekseli ya mbele ilikuwa na kilo 500, zinabaki 317. Salama. Boksi la kilo 320 linaondoa 260, zinabaki 240, ambayo ni moja ya tano kamili ya uzito wa trekta. Moja ya tano ndiyo mpaka unaoshauriwa: chini ya hapo usukani unageuka na trekta haligeuki. Na hesabu hii ni ya tambarare. Ukipanda mlima boksi likiwa juu, gurudumu za mbele zinapungukiwa zaidi, na kila tuta la njiani linazirusha.

Kwa hiyo weka vizito mbele, au kama una loda, ndoo yenye mchanga ikiwa chini karibu na ardhi. Ndoo iliyoinuliwa na kujazwa inasaidia mbele lakini inaliweka trekta tayari kupinduka kwa ubavu, na hilo ni baya kuliko tatizo ulilotaka kutatua. Fremu ya kinga iwe imesimama, mkanda ufungwe. Kwenye mteremko panda na shuka moja kwa moja, usikate kwa ubavu.

Unaposoma uwezo wa kuinua kwenye kitabu cha trekta, angalia umepimwa wapi. Namba kubwa ni ya kwenye ncha za mikono. Namba ya kweli ya matumizi ni ile inayopimwa milimita 610 nyuma ya ncha hizo, kwa sababu hapo ndipo uzito wa zana unapokaa. Tofauti kati yake inaweza kuwa kubwa.

Matairi nayo yanaweza kukuongezea mshiko. Nchi za baridi wanaojaza maji ndani ya matairi ya nyuma lazima waweke dawa ya kuzuia barafu. Sisi Dar maji matupu yanatosha. Yajazwe robo tatu, valvu ikiwa juu, na uzito huo unakaa chini kabisa, unapolitulizia trekta. Ni njia nafuu kuliko kununua vizito vya chuma.

Pembe inavyokula upana

Kwa bledi ya nyuma isiyo na mashavu, hesabu inageuka, na hapa futi sita inaweza kuwa sahihi kwa trekta lilelile lililoshindwa na boksi la futi sita. Nimeshabishana na watu wengi juu ya hili.

Bledi hii inafanya kazi ikiwa mshazari. Ukiilaza kwa nyuzi 30, upana unaofagiwa unapungua. Bledi ya futi tano, mita 1.52, inabaki na mita 1.32. Matairi yangu yana 1.40. Maana yake tairi la upande mmoja linapanda juu ya tuta ambalo bledi imetoka kulimwaga, trekta linainama, bledi inainama nalo, na barabara inatoka na mawimbi ya ajabu. Bledi ya futi sita kwa nyuzi hizohizo inabaki na mita 1.58, inafunika nyayo zote. Na kwa sababu haina mashavu, haibebi udongo mwingi, inaumwaga inapokwenda, kwa hiyo haivuki bajeti ya mvuto kama boksi. Inachosumbua ni kusukuma trekta kwa ubavu. Ukiona sehemu ya nyuma inahama, punguza pembe kabla hujapunguza kina.

Mgongo wa barabara ya udongo unataka mteremko wa asilimia 4 mpaka 6 kutoka katikati kwenda pembeni. Kwa kichochoro cha mita nne, asilimia 5 ni kimo cha sentimita 10 zaidi katikati kuliko ukingoni. Boksi peke yake halitakupa hilo kwa urahisi, linapenda kusawazisha. Kama ni zana moja tu ninayoweza kumudu, na mtaa una mteremko na mfereji, nachukua bledi ya nyuma ya futi sita. Kama mtaa ni tambarare wenye mashimo na kuna kifusi cha kusambaza, nachukua boksi la futi tano.

Kwa nini inaruka

Wengi wanalaumu ukubwa wa bledi kwa jambo lisilotokana na ukubwa. Bledi ya greda inakaa kati ya ekseli, na greda lina urefu wa mita sita hivi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo gurudumu la mbele likipanda tuta, bledi inainuka kidogo tu. Kwetu bledi iko nyuma ya kila kitu na trekta ni fupi. Mbele ikipanda, nyuma inachimba. Mbele ikishuka, nyuma inainuka. Tuta moja linazaa jingine, na kadiri unavyokimbia ndivyo yanavyozidi.

Dawa ni mwendo mdogo na mkono wa juu. Ukiufupisha, boksi linainamia mbele, makali ya mbele na meno yanauma. Ukiurefusha, linalalia nyuma na kulainisha. Mpito wa kwanza kwa mkono mfupi, wa mwisho kwa mkono mrefu. Yule mwenye ile fremu ya reli mbili hapati shida hii sana, kwa sababu reli ndefu zinafuata wastani wa barabara badala ya kila tuta, na kwa mtu asiye na uzoefu mimi humshauri aichukue hiyo, ukubwa ukipimwa kwa matairi vilevile.

Kabla fundi hajawasha mashine

Mwambie vipimo vya kuungia. Matrekta mengi ya kundi hili yanatumia daraja la kwanza: pini za chini milimita 22, pini ya juu milimita 19, nafasi kati ya mikono ya chini sentimita 68, na pini ya juu iwe sentimita 46 juu ya zile za chini. Matrekta mengine madogo zaidi yanatumia pini za milimita 16. Usikisie, peleka pini yako mwenyewe kwa fundi.

Mfumo huu wa mikono mitatu ni urithi wa Harry Ferguson wa Ireland, na trekta la Ford 9N la mwaka 1939 lililoubeba lilikuwa na uzito wa karibu tani moja tu. Liliweza kulima kwa sababu mfumo unahamisha sehemu ya mzigo wa jembe kwenda kwenye magurudumu ya nyuma. Ukiunga zana kwa minyororo au kwa ndoano ya tela, kama nilivyoona mtu akifanya Chanika, unapoteza msaada huo wote.

Meno nayo yana bei yake ya mvuto. Boksi la futi tano likija na matano, hakuna sheria inayosema yote yawe chini. Kwenye udongo mgumu mimi nashusha matatu, nakwarua, kisha nayapandisha na kubeba. Maeneo yenye jiwe la matumbawe kama Kunduchi, jino likigonga jiwe linasimamisha trekta ghafla, kwa hiyo gia iwe ya chini na mguu uwe karibu na klachi. Na mitaani kwetu mabomba ya maji mengi ya plastiki yamezikwa karibu sana na uso, mengine yakikatiza barabara bila alama yoyote. Tembea na wenye nyumba kwanza, weka vijiti palipo na bomba, na hapo meno yapande juu kabisa. Mtaa mzima kukosa maji siku tatu ni gharama kubwa kuliko shimo ulilokuja kufukia.

Siku nzuri ya kazi ni ya pili au ya tatu baada ya mvua, udongo ukifinyangika mkononi bila kutoa maji. Mchanga mkavu wa Kigamboni hauchongeki ukakaa. Unasogea tu, na upepo na matairi yanaurudisha. Huko leta moramu kwanza.

Jaribio la chaki

Ukishapata bledi, kuna namna ya kujua kama inalifaa trekta bila kubishana na mtu. Chora alama ya chaki kwenye tairi la nyuma. Bledi ikiwa juu, endesha mizunguko kumi ya tairi na upime umbali; kwa trekta langu ni mita 34. Kisha rudia mizunguko kumi bledi ikiwa chini na imejaa, kwenye udongo unaoufanyia kazi. Ukipata mita 29 au 30, umepoteza asilimia 12 mpaka 15, na hapo trekta na zana vinapatana. Ukipata 24, unapoteza karibu theluthi ya mafuta yako kwa kuzungusha matairi bure na kuyala.

Mimi nilipata 22. Nikarudi Gerezani, fundi akakata sentimita 15 kila upande, akasogeza mashavu ndani. Vile vipande vya makali vilivyobaki nilimwomba avitoboe kwa bolti, viwe mabawa ya kufunga na kufungua. Navifunga kwa mpito wa mwisho tu, wakati hakuna udongo wa kubeba na ninachotaka ni uso laini. Jaribio nililifanya tena kwenye mteremko uleule, mtaa uleule: mita 30.